Kisu, sufuria, saa na maiki: kuendesha msiba na karamu penye Waislamu na Wakristo Uganda

Ukoo wenye akina Hamza na akina Paulo chini ya babu mmoja ni jambo la kawaida Uganda. Sensa ya 2014 ilihesabu Wakatoliki asilimia 39.3, Waanglikana 32, Waislamu 13.7 na walokole 11.1, na watu hao hawakugawana vijiji. Iganga, Mbale, Butambala, Bombo au Kisenyi pale Kampala, ua mmoja tu huwatenganisha, na mara nyingi hata ua hakuna.

Watu hawa hawagombani sana juu ya Utatu au utume wa Muhammad. Wanagombana kwa sababu kuku alikatwa shingo jikoni bila kuuliza mtu, sufuria ya kukodi ilipikiwa nguruwe juzi, maiti iliwekwa siku tatu ikisubiri mtoto aliye ng'ambo, au mtu aliyepewa maiki atoe salamu za rambirambi akageuza mahubiri. Yote hayo hupangwa mapema, na hayahitaji mkutano wa viongozi wa dini.

Anzeni kwa kuchagua watu wawili, mmoja anayejua taratibu za msikiti na mwingine wa kanisa, wenye simu zilizochajiwa na wasioona haya kuuliza. Shehe na mchungaji wapitie kwao. Kamati ya watu 15 ambamo kila mtu anampigia shehe kwa wakati wake ndiyo inayoleta habari mbili za saa moja ya maziko.

Kisu

Suala la nani achinje ni la zamani kuliko Ukristo wenyewe nchini. Mfanyabiashara Mwislamu Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka (mfalme wa Buganda) Suuna II mwaka 1844. Wamisionari wa Kianglikana walikuja 1877, Mapadri Weupe wa Kikatoliki 1879. Katikati ya hapo Kabaka Muteesa I alisali na kufunga Ramadhani, lakini hakutahiriwa. Vijana wa kasri walioshika dini wakakataa kula nyama iliyochinjwa na mkono usiotahiriwa, na wengi wao wakauawa Namugongo, miaka kama kumi kabla ya mashahidi wa Kikristo kuchomwa palepale tarehe 3 Juni 1886. Basi shemeji yako akiuliza "nani kachinja?" asionekane mtu wa makuu. Watu walishakufa kwa swali hilo.

Desturi iliyobaki ni kwamba penye wageni wa dini zote, Mwislamu ndiye anayechinja. Nyama ya buchani nayo kwa kawaida imechinjwa na Mwislamu, maana machinjioni kazi hiyo wameishika wao kwa muda mrefu. Wapo mashehe wanaosema nyama ya Watu wa Kitabu, yaani Wakristo na Wayahudi, inaliwa, na hoja yao ina msingi katika Kurani, lakini msijaribu kuitumia siku ya karamu. Mgeni mwenye shaka hatakula, na atakuwa na shaka.

Mwombeni mchinjaji siku mbili kabla, kwa heshima: "Shehe, tunaomba utusaidie kuchinja Jumamosi alfajiri, ng'ombe mmoja na mbuzi wawili." Ulizeni papo hapo anachopewa. Kwingine huchukua shingo au ngozi, kwingine hulipwa fedha. Msipokubaliana mapema, ugomvi wa ngozi utawakuta asubuhi mpishi akiwa anasubiri nyama.

Kwa ng'ombe mnahitaji kisu chenye makali ya sentimita 30 au zaidi, kwa mbuzi 20 zinatosha. Kinolewe mbali na mnyama, wala mnyama mmoja asichinjwe mbele ya mwenzake. Kamba mbili nzito, watu wanne kwa ng'ombe, na shimo la damu lenye kina cha goti. Mnyama hulazwa ubavu wa kushoto, koo likielekea kibla. Kutoka Uganda kibla kiko kaskazini, kimeegemea mashariki kidogo tu. Anayewaambia ni mashariki kabisa amezoea mahali pengine. Mchinjaji hutaja jina la Mungu, "Bismillahi, Allahu Akbar", kisha hukata koromeo, umio na mishipa miwili mikubwa ya shingo bila kuinua kisu. Shingo isivunjwe na ngozi isianze kuchunwa mpaka mnyama ametulia kabisa. Vijana wenye haraka huharibu hapa: wanaanza kuchuna mguu wa nyuma huku mnyama bado anapiga teke.

Kazi haijaisha. Mwislamu mmoja abaki na nyama kutoka shimoni hadi sufuriani, kwa kuwa imani ya walaji inasimama juu ya macho ya mtu wanayemfahamu. Gogo la kukatia nyama lisiwe la mtu anayeuza nguruwe. Gogo halioshwi likatakata.

Balaa kubwa ni kuku. Ng'ombe amechinjwa vizuri mbele ya watu, halafu saa tano usiku wageni wamezidi, mtu anakimbia kununua kuku kumi na vijana wanawakata nyuma ya jiko. Kesho yake habari imefika kila nyumba, na hakuna atakayeamini hata ule mchuzi wa ng'ombe. Kama kuku wa ziada wanaweza kuhitajika, wachinjwe pamoja na wengine alfajiri, au mchinjaji alale hapohapo.

Walokole wengine nao hukataa nyama iliyosomewa dua ya Kiislamu, wakiihesabu kama iliyotolewa kwa miungu. Msiwacheke. Wapikieni samaki: sato au sangara hahitaji kisu cha mtu yeyote, ila kumbukeni kuwa Waadventista hawali samaki wasio na magamba, kwa hiyo kambare wawekeni kando.

Kwa hesabu: mbuzi wa kienyeji wa kilo 28 akiwa hai hutoa kilo 12 hadi 14 za nyama na mifupa, nayo hutosha watu 55 hadi 60 kwa gramu 220 hivi kila mmoja. Ng'ombe wa kilo 250 hutoa karibu nusu ya uzito huo. Kilo moja ya mchele mkavu hushibisha watu 8 ikiwa kuna matoke, 6 ikiwa ni pilau peke yake. Waislamu wakiwa robo ya wageni, msipike sufuria yao ndogo pembeni mkawatenga kama wagonjwa. Nyama yote iwe halali, hesabu inakuwa nyepesi na hakuna anayehitaji kujitambulisha kwenye foleni.

Na kuuliza chakula Uganda hakuna aibu. Kila Muganda ana muziro wake: wa ukoo wa Mmamba hali kamongo, wa Nsenene hali panzi hata Novemba mji mzima ukiwakaanga. Mama wa nyumbani amezoea kumuuliza mgeni "unazira nini?" Swali la halali liulizwe kwa sauti hiyohiyo.

Sufuria

Vyombo vya kukodi ndiyo hatari. Mwenye navyo hakumbuki kilichopikwa Jumamosi iliyopita, na akikumbuka hasemi. Ni heri kuazima vya msikiti au vya kikundi cha munno mukabi, kile chama cha majirani cha kusaidiana penye msiba, ambacho sehemu nyingi kina Waislamu na Wakristo katika daftari moja. Kikundi kikitaka kukaa bila mgogoro kiandike kanuni moja kwenye jalada: sufuria za kikundi hazipikiwi nguruwe wala hazichemshiwi pombe. Kanuni hiyo haimnyimi mtu nguruwe wake, anampika kwa sufuria yake.

Mkilazimika kukodi, chukueni mapema, sugueni kwa mchanga na sabuni, osheni mara tatu kwa maji moto, na kazi hiyo aisimamie Mwislamu ili ashuhudie. Mafuta ya kupikia yawe ya mimea, yanunuliwe yakiwa yamefungwa. Pombe, iwe waragi, tonto au malwa, ikae hema lake, mbali na jiko, na birika lake lisichanganywe na la chai. Mwislamu anayepita karibu hataudhika. Ataudhika akipewa kikombe kinachonuka.

Saa

Kwa kuwa ikweta inapita nchini, saa za swala hazihami sana: tofauti ya mwaka mzima ni kama nusu saa. Kampala adhuhuri huingia kati ya saa 6:35 na saa 7:05 mchana, alasiri karibu saa 10, magharibi kati ya saa 12:35 na saa 1:05 jioni. Andikeni hizo kwenye ratiba kabla hamjaandika kitu kingine. Ijumaa kuanzia saa 6:30 hadi saa 8:15 msipange maziko, kikao wala mtihani. Jumapili asubuhi hadi saa 6 iacheni kwa Wakristo, hata Yumbe ambako Waislamu ndio wengi na ni rahisi kusahau kuwa kuna watu kanisani.

Saa hukwaruza zaidi msibani. Mwislamu huzikwa siku ileile, ikichelewa sana kesho yake. Wakristo wengi hulala na maiti usiku mmoja au zaidi wakiimba, wakingoja ndugu wa mbali. Kila upande huona mwenzake hana huruma: mmoja anaharakisha kumtupa marehemu, mwingine anamtesa kwa kumweka.

*Aliyefariki akiwa Mwislamu, na nusu ya ukoo ni Wakristo.* Mtu akikata roho alfajiri, maziko huwa baada ya adhuhuri, au baada ya alasiri kama makaburi ya ukoo yako mbali. Kazi ya kwanza ni karatasi. Akifia hospitalini, aliye karibu aiambie wodi mara moja kuwa marehemu ni Mwislamu na familia inataka mwili leo, kisha apate hati inayotaja sababu ya kifo. Akifia nyumbani, mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, aitwe kwanza, ndipo simu nyingine. Kama ni ajali au kuna shaka, polisi watataka uchunguzi wa maiti, na hapo dini haiharakishi chochote. Mkitorosha mwili mtaitwa kuufukua. Ombeni uchunguzi ufanyike mapema, na mmoja akae palepale mlangoni.

Wakati huohuo mtu mwingine ananunua vifaa. Bafta nyeupe, takribani mita 8 kwa mwanamume, ambaye huvikwa nguo tatu, na mita 12 kwa mwanamke, ambaye huvikwa tano. Pamba, kafuri, udi, sabuni, glovu jozi sita, ndoo mbili mpya na shuka la kusitiri. Mkristo anaweza kununua vyote hivi, na kulipia. Kuosha hufanywa na Waislamu wa jinsia ya marehemu. Mume na mke huruhusiwa kuoshana. Dada wa Kikristo akitaka kumwona kaka yake kwa mara ya mwisho, muda wake ni baada ya kukafiniwa, kabla ya uso kufungwa. Mtajieni saa hiyo asubuhi. Kulia kwa machozi hakuna tatizo, kupiga mayowe na kujitupa juu ya maiti ndiko kutakakomfanya shehe awe mkali.

Neno moja huvuruga watu hapa. Kwa Mwislamu jeneza ni kile kitanda cha kubebea maiti hadi kaburini, kisha kinarudi msikitini. Mkristo akisikia jeneza anafikiri sanduku la kuzikia. Ndugu wameshawahi kuchanga fedha nyingi wakanunua sanduku lenye vioo, halafu shehe akasema halishuki kaburini. Anayekusanya mchango atamke wazi: sanduku halihitajiki, fedha ziende kwa chakula na usafiri.

Wachimbaji mara nyingi ni vijana mchanganyiko, wapewe vipimo na mtu anayejua. Maiti hulazwa ubavu wa kulia uso ukielekea kibla. Kwa kuwa kibla cha Uganda ni kaskazini, shimo hulala mashariki na magharibi, na kichwa kinakaa upande wa mashariki. Urefu wake ni kimo cha marehemu na sentimita 30 za ziada, kina hufika kifuani mwa mtu mzima au zaidi. Mwanandani, ile nafasi ya kumlaza, huchimbwa chini, upande wa kaskazini. Udongo ukiwa laini, kama pembeni mwa ziwa, mwanandani hubomoka. Chimbeni katikati ya shimo mfereji wenye upana wa sentimita 45 na muufunike kwa mbao. Pimeni mbao kabla, vipande 8 hadi 10, mwe na kimoja cha akiba. Kosa linalorudiwa kila mara ni kuchimba kwa kufuata kaburi la jirani lililopo, kumbe jirani alizikwa Kikristo na mstari wake ni mwingine. Tumieni dira ya simu, mkiwa mbali na gari na masepeto maana chuma huipotosha.

Swala ya maiti ni ya kusimama tu, yenye takbira nne, huisha kwa dakika chache. Wakristo hukaa nyuma au pembeni, kimya, kofia mkononi au kichwani hakuna anayejali. Wanaweza kubeba jeneza wakipokezana, na kutupia udongo viganja vitatu kama wengine. Mahali pengine wanawake Waislamu hawaendi kaburini. Dada na shangazi Wakristo waulizwe mapema wanataka nini, wasizuiwe ghafla njiani. Kaburi lisiwekwe msalaba wala picha. Kuhusu kusakafia kwa saruji, Waislamu wenyewe hawakubaliani, ngojeni hadi familia iamue.

Anayekuja kutoka mbali aambiwe ukweli kwa simu ile ya kwanza: "Tunazika leo saa kumi. Usikimbize gari. Dua ni Jumapili, utatukuta." Msimdanganye kuwa atangojwa. Watu wengi wasiosamehe miaka kumi baadaye hawakukasirishwa na kuzika haraka. Walikasirishwa kwa kuambiwa "njoo tu" na kukuta kifusi.

*Aliyefariki akiwa Mkristo.* Hapa Waislamu ndio wageni, na kazi yao ni nyepesi kuliko wanavyodhani. Wanaweza kuchimba kaburi, kubeba sanduku, kuleta kuni, maji, mchele na fedha, kukaa na wafiwa na kusema "poleni". Wakati wa misa au ibada hukaa hemani au husimama pembeni. Hawalazimiki kuimba wala kupiga magoti, na katekista asiwaite mbele. Komunyo ni ya Wakatoliki, Mwislamu asijipange kwenye foleni kwa heshima, atamtia padri katika taabu. Wengi hawasali sala ya kumwombea maiti asiye Mwislamu, wakiombwa dua wawaombee waliobaki subira na umoja. Sentensi hiyo inatosha, na hakuna upande unaoona umeuza dini yake.

Usiku wa mkesha jikoni pawe na chakula cha halali hata kama Mwislamu ni mmoja, kwa sababu huyo mmoja ndiye atakayewaazima hema.

Olumbe, ile sherehe ya kumaliza msiba na kumsimika mrithi, huwa na pombe na ngoma usiku kucha. Waislamu wengi husoma dua mahali pake. Penye ukoo mchanganyiko gawanyeni: dua au ibada na kumsimika mrithi mchana, pombe baada ya magharibi kwa wanaobaki. Daftari la mabugo, yaani michango ya rambirambi, liwe na kurasa mbili, ya chakula na ya vinywaji, na anayeandika amuulize mchangaji fedha yake iende wapi. Inachukua sekunde tano.

Marehemu aliyekuwa na majina mawili

Aitwaye Yusufu Petero hupata mashehe na makatekista wote mlangoni. Msianze kuchimba makaburi mawili, wala msiache upande mmoja uchukue mwili mochwari kwa siri. Kaeni kikao cha ukoo ndani ya saa mbili, mwenyekiti wa LC1 awepo, na muulize kwa mpangilio huu: aliacha wosia? Mara ya mwisho alisali wapi, na nani alimwona? Kuna cheti cha ubatizo au mashahidi waliomsikia akitoa shahada, na kipi kilikuja baadaye? Mke na watoto wanasemaje? Jina la utotoni ni ushahidi dhaifu. Zamani watoto wengi Waislamu walipewa jina la Kikristo ili wapate nafasi katika shule za misheni, na wakaendelea kusali msikitini maisha yao yote.

Dawa ni kuandika ukiwa hai. Wosia unaokubalika kisheria Uganda hutiwa saini mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie saini zao. Asiwe shahidi mtu unayemwachia kitu. Andika mstari mmoja: nizikwe kwa taratibu za dini gani, na wapi. Nakala moja iwe kwa mtu wa upande wa pili wa dini, ili isiweze kupotea.

Maiki

Mshereheshaji ndiye polisi. Apewe orodha ya wasemaji wasiozidi sita na dakika tano kwa kila mmoja, na awe na ruhusa ya kupunguza sauti. Kila kiongozi wa dini aambiwe kabla, faraghani: "Mchungaji, tuna Waislamu wengi leo, tunaomba neno la faraja." "Shehe, wajomba wa marehemu ni Wakristo, tunaomba nasaha bila kulinganisha dini." Mlokole akianza kuita watu waokoke msibani, au shehe akianza kufafanua kwa nini Mungu hana mwana, ngoma haitasimamishwa tena kwa upole. Mshereheshaji aseme "Amina!" kwa sauti katikati ya sentensi, ashukuru, na amwite anayefuata. Ni ujeuri kidogo, lakini unafaa.

Kuna habari zisizotajwa kwa maiki hata kwa utani: vita vya dini vya Buganda vya 1888 hadi 1892, enzi ya Idi Amin, na kisasi kilichoangukia Waislamu wa Bushenyi mwaka 1979 baada ya yeye kuanguka. Wajukuu wa watu wa pande zote wameketi kwenye viti vile. Kadhalika neno "mugaidi" halimfai kijana mwenye ndevu, wala "kafiri" halimfai shemeji.

Spika zielekezwe ndani ya uwanja. Adhana ikisikika muziki uzimwe dakika nne au tano, adhana yenyewe haizidi hapo. Msikiti nao ukijua kuna maziko ya Kikristo jirani unaweza kuadhini bila spika ya nje kwa swala moja. Imamu akiombwa na majirani anaowajua mara nyingi hukubali. Akiletewa barua ya malalamiko atatafuta mwanasheria.

Kwanjula, nikahi na karatasi

Siku ya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa msichana, wanaume wote huvaa kanzu, vazi lililokuja na Waarabu, na hakuna Mkristo anayeona amesilimu. Dua na sala ya ufunguzi zipangwe mbili fupi, au mzee mmoja aombe kwa maneno ya wote. Linalovunja siku ni nikahi ya ghafla: shehe amekaa kati ya wageni wa bwana harusi, mahari yakishapokewa anasimama na kufungisha ndoa, na wazazi wa bibi harusi, ambao ni Wakristo, walidhani wamekuja kujuana tu. Senga, shangazi wa msichana, aulizwe wiki mbili kabla: je, siku hiyo kuna nikahi? Jibu liandikwe kwenye ratiba.

Kwa sheria ya Kiislamu mwanamume Mwislamu anaweza kumwoa Mkristo bila huyo kubadili dini. Mwanamke Mwislamu hafungiwi nikahi na Mkristo mpaka mwanamume asilimu. Kanisa Katoliki hutaka ruhusa ya askofu kabla ya kufungisha ndoa na asiyebatizwa, nayo haipatikani kwa wiki moja. Wanaotaka kila mtu abaki na dini yake huenda kwa msajili wa serikali: tangazo la ndoa hubandikwa siku 21, na ndoa ifungwe ndani ya miezi mitatu tangu tangazo. Ndoa hiyo ni ya mke mmoja. Aliyeifunga akioa mwingine msikitini amevunja sheria ya nchi, hata kama shehe hakumuuliza. Ulizeni habari ya dini ya watoto, shule na mahali pa kuzikwa kabla ya mahari, si baada.

Ramadhani na sikukuu

Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Kikao cha kijiji kisipangwe saa 12 jioni mwezi huo. Mkristo anayetaka kufuturisha apeleke chakula ifikapo saa 12:15: tende, maji, uji, mihogo au katogo, kisha chakula kizito baada ya swala. Tarehe ya Idd hungoja mwezi, kwa hiyo ukumbi na magari yawekwe kwa siku mbili. Krismasi Mwislamu akipeleka sukari na mchele hakuna anayemdai aimbe. Nyama ya Idd Adhuha inaweza kupelekwa kwa jirani Mkristo, na ipelekwe mbichi, asubuhi, kwenye chombo ambacho hamhitaji haraka. Chombo hicho kwa desturi hakirudi kitupu, na jirani atahitaji siku mbili tatu kupata cha kutia, ambacho mtoto wenu atakuwa ameshakifunua njiani.